Mama aliyezaa mtoto mfu anaambiwa asilie. Desturi hii tumeitoa wapi?

#1 BintiKuze
Asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Mke wa kaka yangu, wa Kisauni hapa Mombasa, mimba yake ilifika mwezi wa nane. Siku moja mtoto akaacha kucheza. Kufika hospitali wakamwambia moyo haupigi. Akazalishwa kama azalishwavyo mtu yeyote, kwa uchungu wote. Mtoto akakabidhiwa wanaume, akazikwa Kikowani kabla ya Alasiri. Mama yake hakumuona uso. Nyumbani nguo za mtoto zilikuwa zishafichwa, na kila aingiaye anamwambia: usilie, kwani utamrudisha? Utapata mwengine.

Miezi imepita. Usiku halali, na mtoto wa jirani akilia anafunga madirisha. Mumewe anasema ni pepo. Mama yake anasema ni jicho. Wifi mmoja anasema anajidekeza.

Mimi nasema ugonjwa huu tunautengeneza sisi wenyewe, kwa kumnyima mama kilio chake. Nani anapinga?

#2 Ami_wa_Tudor
Makiwa, binti yangu. Nakupinga kwa upole. Waliomzuia mama asimuone mtoto hawakuwa na roho mbaya. Maiti haicheleweshwi, na mama aliyetoka kujifungua bado anavuja damu, hata kusimama hawezi. Wazee walichelea ile sura ya mwisho isije ikamkaa kichwani ikamtesa, wakaona afadhali abaki na yule wa tumboni, aliyekuwa akicheza. Sema waliona vibaya ukitaka, lakini usiseme walimnyima.

#3 NesiWaZamu
Poleni kwa msiba. Mimi ni nesi wa wodi ya wazazi hapa Pwani, nitasema ninayoyaona.

Ami, wapo kina mama ambao hawataki kabisa kumuona mtoto, na hao hatuwalazimishi. Shida ni kwamba hawaulizwi. Mtu mwengine anawaamulia wakati bado wana dripu mkononi. Waliokubali humshika, humhesabu vidole, husema amefanana na nani. Nikikutana nao baadaye kliniki hawaniulizi alikuwaje. Ambao hawakumuona huniuliza. Mmoja alinisimamisha katikati ya soko la Kongowea, akataka kujua kama mwanawe alikuwa na nywele.

Jengine ni pale tunapowalaza. Nafasi hamna, kwa hivyo aliyefiwa hulala kitanda cha pili kutoka kwa anayenyonyesha, na usiku kucha anasikia vichanga vikilia. BintiKuze, hayo madirisha hayanishangazi hata kidogo.

Shirika la Afya Duniani likihesabu watoto wafu huhesabu waliozaliwa bila dalili ya uhai kuanzia wiki ya 28, na kwa mwaka ni karibu milioni 1.9 duniani kote. Zaidi ya 40% hufa uchungu ukiwa umeshaanza. Yaani mama wengi walifika mlangoni mtoto yu hai. Hilo ndilo linalomla mtu miaka.

#4 Changamwe_Asili
Samahani, natoka nje ya mada kidogo. Mke wangu mimba yake ilitoka ikiwa na miezi mitatu. Mama yangu mpaka leo anasema ni ile boda aliyopanda kutoka Mikindani, na zile ndoo za maji. Sasa mke wangu hapandi boda tena, anatembea kwa miguu hadi steji juani. Ni kweli ndoo inatoa mimba?

#5 NesiWaZamu
Changamwe, hujatoka nje, hiyo ndiyo mada yenyewe. Karibu nusu ya mimba zinazotoka miezi mitatu ya mwanzo, kasoro ilikuwepo tangu mbegu na yai zilipokutana: kromosomu zilizidi au zilipungua. Hata angelala kitandani muda wote isingekaa. Boda haimo na ndoo haimo. Mwambie mkeo, na umwambie mbele ya mama yako, si chumbani mkiwa wawili.

#6 Mzee_Mitishamba
Nesi, hiyo ni nusu. Nusu ya pili mbona umeiruka? Pwani hii malaria nayo imetoa mimba nyingi.

#7 NesiWaZamu
Mzee, malaria imo, sikatai, na ndiyo maana kliniki ya wajawazito huku hutoa vidonge vya SP vya kukinga malaria, na neti. Kaswende imo, sukari imo, presha imo. Kwa waliopoteza mimba kubwa, au waliosafishwa kizazi, naongeza hili: ulizeni kundi lenu la damu. Mwenye damu hasi anatakiwa kudungwa sindano ya anti-D ndani ya saa 72, isije mimba ijayo ikadhurika.

#8 MamaMapacha_Likoni
Sijawahi kuyaandika haya popote.

Mapacha wangu walikuja wiki ya 27. Mmoja aliishi saa chache, wa pili akamfuata. Nilirudi nyumbani kwa feri na mfuko wa nguo zangu tu, watu wananisukuma kama wasukumavyo kila jioni, hakuna ajuaye kwamba nimejifungua juzi. Nilikuwa mzima kabisa. Nilipika, nilifagia, wageni nikawapokea mwenyewe.

Halafu maziwa yakaja. Sikuambiwa na mtu kwamba yatakuja. Matiti yakajaa mpaka ngozi inang'aa, paka akilia nje yanatoka yenyewe, dera linalowa mbele za watu. Mama mkwe akanipa kitambaa bila kunitazama. Pale ndipo akili yangu ilipoachia. Makaburini sikuwepo, hospitali nilivumilia, lakini yale maziwa yalinishinda. Nilikaa bafuni nikiyakamua sakafuni huku nikiwaomba radhi wale watoto.

BintiKuze, mimi nililia sana na hakuna aliyenikataza. Bado niliugua. Kwa hivyo hiyo nadharia yako hainitoshi.

#9 ShangaziMajengo
Pole shoga yangu, wallahi umeniliza. Kwa wengine wanaosoma: maziwa hayo dawa yake kanga. Funga kifua, kaza barabara, usiyaguse mpaka yakauke.

#10 NesiWaZamu
Shangazi, hapo kwenye kukaza naomba wasomaji wasifuate. Kukaza sana huziba njia za maziwa, halafu huja uvimbe na homa, hata jipu. Vaa sidiria inayoshika vizuri bila kubana, weka kitambaa cha maji baridi, meza dawa ya maumivu, kamua kidogo tu kupunguza uzito. Usiyamalize, maana ukiyamaliza yanatengenezwa mengine. Kipo pia kidonge kiitwacho cabergoline ambacho daktari anaweza kumpa mama mapema baada ya kujifungua, ila si kwa mwenye presha ya mimba wala aliyewahi kuugua akili. Na maziwa huja hata kwa mimba iliyotoka katikati, miezi mitano kwa mfano. Mama aambiwe kabla hajatoka wodini. MamaMapacha, pole sana.

#11 ShangaziMajengo
Ahsante nesi. Mamangu ndiye alonifunza ile, nae kafunzwa na mamake. Maji baridi nimeyashika.

#12 UstadhMtaa
Nimesoma yote. Naanza na hili la kulia, kwa sababu linasemwa kwa jina la dini na si la dini.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alimpoteza mwanawe Ibrahim akiwa bado mdogo wa kunyonya. Alimbeba, akambusu, macho yakamtoka machozi. Abdurrahman bin Auf akastaajabu: hata wewe, ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu? Akamjibu kuwa hiyo ni rehema, kisha akasema jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Imo kwa Bukhari. Kinachokatazwa ni kujipiga mashavu na kuchana nguo. Machozi hayakukatazwa. Anayemwambia mama nyamaza, na amuonyeshe dalili.

La pili, watu wengi hapa mjini hudhani mtoto ambaye hakulia hana haki yoyote, anafungwa kitambaa na kufukiwa. Sivyo. Akishatimiza miezi minne tumboni, kwa madhehebu yetu ya Shafi'i, huoshwa, hukafiniwa na huzikwa. Kwenye kumsalia ndipo wanazuoni walipotofautiana: Shafi'i wengi hawamsalii ambaye hakuonyesha dalili ya uhai, Hanbali humsalia.

Ila nami namgeukia MamaMapacha na BintiKuze. Nimeona kina mama waliopata msiba huu wakasimama, na nimewauliza ni nini kiliwasimamisha. Wengi walinijibu ni kuamini kuwa mtoto yule yupo na atawashika mkono siku hiyo. Imani haimzuii mtu kuugua, sisemi hivyo. Nasema msiidharau.

#13 Changamwe_Asili
Ustadh leo umetoa darsa zima bila kuchangisha 😊 Ahsante. Mzee Mitishamba njoo na wewe utuuzie mizizi, tumekuzoea.

#14 Mzee_Mitishamba
Changamwe, leo siuzi kitu. Mimi mwenyewe nimezika.

#15 Changamwe_Asili
Makiwa mzee wangu. Niwie radhi.

#16 BintiRabai
Niwape upande wetu wa kina Mijikenda, maana humu pepo na jicho vinatajwa kama upuuzi tu.

Dada yangu alimpoteza mtoto wa miezi saba kwa degedege. Wazee wakasema ni nyuni, yule ndege wa usiku. Jamani, yale maneno yalimsaidia. Kwa nini? Kwa sababu nyuni hana kosa la mama. Ndege amepita, amepita. Wanawake wakaja wakakaa naye, dawa ikafanywa, kila mtu akajua la kufanya na hakuna aliyemnyooshea kidole.

Mtoto wa pili akaanza kukonda, akafa. Safari hii upande wa mume wakasema ni chirwa, yaani mmoja wa wazazi ametoka nje ya ndoa. Wa kulaumiwa bila shaka ni mwanamke. Hapo dada yangu akaacha kula, akaacha kuoga, akawa anazungumza peke yake kwenye mnazi nyuma ya nyumba. Mama yule yule, kijiji kile kile.

Kwa hivyo mimi sifuati kilio wala imani. Mimi nafuata lawama. Mama asiyelaumiwa hupona hata akiambiwa maneno ya ajabu. Mama anayelaumiwa hata umpeleke kwa daktari gani.

#17 Dkt_Mstaafu
BintiRabai umesema jambo zito, lakini hapo mwishoni sikubaliani nawe, na nitasema kwa nini.

Nimewahi kuletewa mama ambaye ukoo mzima ulishaamua ana pepo. Alipoteza mtoto kwa kutokwa na damu nyingi sana wakati wa kujifungua. Baadaye hana nguvu, anahisi baridi mchana wa Mombasa, nywele za mwilini zinapukutika, hedhi haikurudi, na maziwa hayakutoka hata tone. Hataki kuongea na mtu. Ameshazungushwa kwa waganga. Kumbe ni tezi iliyo chini ya ubongo, ilikosa damu siku ile ikafa sehemu. Ugonjwa huu Harold Sheehan aliueleza mwaka 1937 na jina lake umebeba. Alipopewa homoni alizokosa, alianza kuzungumza na watu. Hapakuwa na lawama ya kuondoa pale.

Mifano mingine ni myepesi zaidi. Upungufu wa damu pekee unaweza kumfanya mtu aonekane amekufa moyo. Tezi ya shingo nayo huweza kuvurugika miezi baada ya mimba. Sisemi huzuni yote ni damu na homoni. Nasema kabla hujaita pepo wala kulaumu mawifi, mpime.

Na isitoshe, mapigo yenyewe ya siku ile huacha alama. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa London uliowafuata wanawake zaidi ya 650 waliopoteza mimba changa. Baada ya mwezi mmoja, 29% walikuwa na dalili za kiwewe: kuona tukio upya, ndoto, kukwepa mahali na sauti. Baada ya miezi tisa bado 18%. Na hizo ni mimba changa, ambazo sisi hatuziiti hata msiba. BintiKuze, hayo ya madirisha mimi nayasoma hivyo. Kiwewe si huzuni, na tiba yake ni nyengine.

#18 BibiKibokoni
Wanangu, mimi nasema na mjukuu yuwaandika.

Nyote mwasema kweli na hamjasema yangu. Zamani mjini hapa alozaa mfu alikuwa mzazi kama wazazi wengine. Akiwekwa ndani arubaini. Akikandwa kwa maji ya moto, akifungwa tumbo, akifukizwa, akipikwa uji wa pilipili manga, jiko halishiki, ndoo haibebi. Hakuna alosema huyu hana mtoto kwa hivyo na ainuke. Mwili umezaa, mwili wataka haki yake.

Na ntawaambia siri ya mkunga. Yule akija asubuhi kumkanda mama, mlango wafungwa. Pale ndipo mama aliapo. Mkunga yuwakanda, yeye yuwalia, na nje mtu akisikia aambiwa ni maumivu ya mgongo. Hakuna wa kumwambia nyamaza. Kila siku, kutwa mara mbili. Mimi nalikuwa nikichukua maji, nimeyaona.

Sasa mwakaa chumba kimoja cha kukodi, mume, mke na watoto. Mkunga akae wapi? Mama atoka hospitali Jumatatu, Alhamisi yuwafua nguo. Halafu mwauliza kichwa chamuuma nini.

#19 ShangaziMajengo
Bibi shikamoo. Hili la mlango sijapata kulisikia, na nimekandwa mara zote nilizozaa.

#20 MkeWaBara_Bamburi
Shikamoo bibi, nakuheshimu, lakini naomba nisikubali.

Mimi ni wa bara, nimeolewa hapa. Mtoto wangu alifariki akiwa na wiki mbili. Niliwekewa hiyo arubaini yenu na nia ilikuwa njema. Kwangu ilikuwa kifungo. Waliokuja kunikanda ndio hao hao waliokuwa wakininong'ona ukumbini kwamba huyu wa bara hakumfunika mtoto upepo. Sikuwa na mama yangu, sikuwa na rafiki, lugha yenyewe nilikuwa naisikia nusu nusu. Nilichotaka ni kurudi kazini, nikae na watu wasionitazama tumbo. Niliporudi ndipo nikaanza kulala.

Arubaini ni tamu ikiwa anayekukanda anakupenda. Swali langu ni hilo tu: nani anakukanda?

#21 BibiKibokoni
Mwanangu, pole. Hao hawakuwa wakunga, hao walikuwa majirani. Mkunga akila kiapo cha ulimi. Lakini nimekusikia.

#22 Bin_Likoni
Naomba niseme la sisi wanaume.

Mimi ndiye niliyekabidhiwa mtoto. Nilimbeba mwenyewe hadi Manyimbo, na wazee waliponisaidia kumshusha waliniambia jikaze, mkeo anakutegemea. Nikajikaza. Nikarudi nyumbani, mke ananiuliza: alikuwaje? Nikamjibu usiulize hayo. Sikuwa namficha. Nikilifungua lile neno nilijua nitaanguka.

Aliona mimi sina uchungu. Tulikaa nyumba moja tukiwa wageni. Aliyetuvusha ni mjomba wake, alinichukua tukakaa baraza la nje akaniambia mueleze mkeo kila kitu, hata rangi ya udongo. Nilipomueleza tulilia mpaka Alfajiri.

BintiKuze, kaka yako anayesema ni pepo, kuna mtu amemuuliza yeye yu hali gani?

#23 BintiKuze
Hakuna aliyemuuliza. Hata mimi.

#24 HotelinI_Nyali
Mkisema arubaini na mkisema kurudi kazini mimi nawaonea wivu wote. Mimba yangu ilitoka ya miezi minne. Mahali nilipokuwa nafanya kazi meneja aliniambia likizo ya uzazi ni ya wenye watoto, nichukue siku zangu za ugonjwa. Zilipoisha nilirudi kutandika vitanda bado natokwa na damu. Kenya hakuna sheria ya kutulinda, ndiyo maana tunaharibika akili.

#25 WakiliMsomaji
Pole dada. Sheria ipo, na inafaa mjue inaishia wapi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 29, inampa mfanyakazi mwanamke miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili. Haisemi kwamba mtoto awe hai. Kwa aliyezaa mtoto mfu, hoja ya meneja wa aina hiyo haina mguu wa kusimamia. Palipo na pengo ni kwako wewe, mimba iliyotoka mapema: sheria yetu haikuitaja kwa jina, na waajiri hupenya hapo hapo.

Jirani zetu Uganda waliitaja. Sheria yao ya ajira ya 2006 inatoa siku 60 za kazi, na inasema angalau wiki nne kati yake zifuate kujifungua au mimba kutoka. New Zealand mwaka 2021 waliweka siku tatu za msiba kwa mimba iliyotoka, kwa mama na mwenzake. Siku tatu ni chache, lakini waliuita msiba.

#26 Mgeni_Mtwapa
Nasoma tu kila siku, leo naandika. Wangu alifariki kabla ya Ramadhani. Kuna usiku nafikiria nimfuate. Sijamwambia mtu kwa sababu nasikia ukisema hospitali unaitiwa polisi.

#27 NesiWaZamu
Mgeni, nimekuandikia pia kwenye ujumbe wa faragha, ufungue sasa hivi. Kama uko peke yako usiku huu, mwamshe mtu aliye karibu nawe akae nawe chumba kimoja, hulazimiki kumueleza kila kitu. Msalaba Mwekundu wa Kenya wana namba ya bure, 1199, unazungumza na mtu. Na hospitali ya Port Reitz wana kitengo cha akili, hulazimiki kusafiri mpaka Mathari, Nairobi. Hayo mawazo huja kwa watu wengi waliofiwa na mtoto, na hupungua yakitibiwa.

#28 WakiliMsomaji
Na hilo la polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha kumshitaki aliyejaribu kujiua, kinakwenda kinyume na Katiba. Na kusema tu kwamba una mawazo hayo hakukuwa kosa hata kabla ya hapo. Sema bila hofu, dada.

#29 MamaMapacha_Likoni
Mgeni, niko Likoni, wewe uko Mtwapa, lakini simu haina feri. Nimekutumia namba yangu faraghani. Piga saa yoyote.

#30 Mgeni_Mtwapa
Nimepata zote mbili. Dada yangu yuko hapa, amekuja kukaa. Ahsanteni.

#31 Ami_wa_Tudor
Alhamdulillahi. Sasa daktari nina swali. Mji huu una watu wengi na waganga wa akili wachache. Hata tukikubali nyote kwamba mama apelekwe, atapelekwa kwa nani?

#32 Dkt_Mstaafu
Ami, Zimbabwe waliliuliza swali hilo hilo. Mwaka 2006 mwanasaikolojia Dixon Chibanda alianza kuwafundisha mabibi wa mitaani Harare kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsikiliza aliyeelemewa, kwa utaratibu maalumu.

#33 WakiliMsomaji
Daktari, nakurekebisha kidogo: Chibanda ni daktari wa magonjwa ya akili, si mwanasaikolojia.

#34 Dkt_Mstaafu
Sawa kabisa wakili. Matokeo yao yalichapishwa 2016 na yalikuwa mazuri: miezi sita baadaye waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache mno kuliko waliopata huduma ya kawaida. Pakistan nao waliwatumia wahudumu wa afya wa vijijini kwa kina mama wenye sonona, na Shirika la Afya Duniani likauchukua mpango ule. Mkunga wa BibiKibokoni alikuwa karibu sana na hilo.

#35 Changamwe_Asili
Bibi, tukutafutie benchi pale Kibokoni?

#36 BibiKibokoni
Benchi la nini, baraza ninalo. Waje. Ila waje na sukari.

#37 UstadhMtaa
Daktari, mpaka lini ni huzuni na kuanzia lini ni ugonjwa? Watu wananiuliza, maana wameshika zile siku tatu za matanga.

#38 Dkt_Mstaafu
Ustadh, hata vitabu vyetu havikubaliani. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inahesabu huzuni iliyokwama kuanzia miezi sita. Wamarekani kwenye mwongozo wao wa 2022 wakasema mwaka mzima kwa mtu mzima. Mimi sitazami kalenda sana. Natazama kama anakula, analala, anaoga, anaweza kumtazama mtoto wake mwengine. Na kama amekuwa hivyo kila siku kwa wiki mbili, asingoje hiyo miezi. Lipo hojaji la Edinburgh la tangu 1987, la kupimia sonona ya mama aliyejifungua, maswali 10 tu. Nesi yeyote anaweza kumuuliza mama akiwa kliniki.

#39 UstadhMtaa
Nami niongeze kwamba zile siku tatu ni za kuacha pambo kwa asiyefiwa na mume. Hakuna aliyeuwekea moyo siku tatu.

#40 BintiRabai
Mmezunguka kote, bado hakuna aliyenijibu la lawama. Dada yangu alipimwa damu, iko sawa. Alisaliwa. Alikandwa. Alianza kula siku mumewe alipowaambia ndugu zake mbele ya wazee kwamba huyu mke hana kosa. Daktari, hilo liko kwenye maswali yako 10?

#41 Dkt_Mstaafu
Lipo swali la kujilaumu bila sababu. La kulaumiwa na wengine halipo.

#42 BintiKuze
Kaka yangu amesoma uzi wote mpaka #22, akanyamaza. Wiki hii wanakwenda wote wawili, mkewe apimwe damu na tezi kama alivyosema daktari, na yeye kaka azungumze na mtu. Mimi bado nashikilia kwamba kilio kilichozuiwa ndicho mwanzo wa yote, ila la kiwewe limenigusa. Ahsanteni.

#43 MkeWaBara_Bamburi
Mungu awafanyie wepesi. Nina swali ambalo halijaguswa. Mimba inayofuata. Mimi nilipopata tena sikufurahi hata siku moja. Nilikuwa naamka usiku kumtikisa mtoto tumboni acheze. Mama mkwe alinihimiza nipate haraka ili nisahau. Mtu angoje muda gani?

#44 NesiWaZamu
Baada ya mimba kutoka, Shirika la Afya Duniani linashauri angalau miezi sita kabla ya kushika nyengine. Ndivyo tunavyowaambia kliniki.

#45 Dkt_Mstaafu
Nesi, ushauri huo ni wa 2005. Utafiti mkubwa wa Uskoti wa 2010 uliwaangalia waliopoteza mimba ya kwanza, na walioshika tena ndani ya miezi sita hawakuwa na hali mbaya zaidi, kinyume chake. Kwa mwili, asiyetaka kungoja si lazima angoje.

#46 NesiWaZamu
Uskoti hakuna malaria wala upungufu wa damu wa huku, daktari. Mama wa Kisauni aliyepoteza damu ndoo nzima mimi sitamwambia aharakishe.

#47 MkeWaBara_Bamburi
Na mimi nimeuliza ya kichwa, mnanijibu ya kizazi. Mwili wangu ulikuwa tayari. Mimi mwenyewe sikuwa tayari, na hakuna aliyeniuliza.

#48 Changamwe_Asili
Nesi, kwa asiyekuwa tayari, anaanza lini kujikinga? Mke wangu aliambiwa asubiri hedhi kwanza.

#49 NesiWaZamu
Asisubiri. Baada ya mimba changa kutoka, yai linaweza kutoka tena hata wiki mbili baadaye, kabla ya hedhi yoyote. Anaweza kuanza siku hiyo hiyo anayoruhusiwa kutoka, vidonge, sindano au kipandikizi. Njooni kliniki wote wawili, na mama yako mzazi mwache nyumbani siku hiyo.